Jina la Dada Kwenye Hati Yangu

Simu ya wakili wa benki ilinikuta nyuma ya nyumba, nimesimama na fundi tukihesabu mawe. Tunakaa Kitangiri, upande wa mlimani, na kila masika udongo wa juu hushuka na maji mpaka kwenye ukuta wa jiko. Mwaka ule, 2023, nilikuwa nimeapa kwamba masika yajayo hayatanikuta bila ukuta wa kuzuia udongo, na ukuta wenyewe uwe wa mawe, kwa sababu Mwanza mawe hatuyatafuti mbali. Wakili aliniuliza, kwa upole tu, kama nina mgogoro na mtu yeyote kuhusu kiwanja. Nikamwambia sina. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama, naomba uje ofisini. Hati yako ina zuio."

Nieleze nilivyofika hapo. Mwaka 2015 niliiweka nyumba rehani kwenye benki moja ya hapa mjini. Nilikopa shilingi milioni 49 kwa miaka 15, riba asilimia 19 kwa mwaka. Aliyewahi kubeba mkopo wa nyumba anajua riba hiyo inavyokula: miaka ya mwanzo unalipa kila mwezi bila kukosa, ukiuliza salio unaona kama hujalipa kitu. Baada ya miaka minane ya kurejesha bado nilikuwa nadaiwa milioni 38. Ndipo benki nyingine ikasema iko tayari kulinunua deni langu kwa asilimia 15 na kuniongezea, mkopo wote uwe milioni 60. Hiyo 22 ya juu ndiyo ingekuwa ukuta, ada ya chuo ya mtoto wa pili, na mzigo mpya wa vitambaa dukani.

Mambo yalikwenda vizuri kiasi kwamba nilianza kulipa mafundi kabla ya pesa kutoka. Benki ya zamani ilitoa barua ya salio. Mthamini alikuja akapima, akapiga picha, akaondoka. Mume wangu alitia sahihi ya ridhaa, maana Sheria ya Ardhi haikubali nyumba ya familia iwekwe rehani bila mwenza kuridhia, hata kama jina kwenye hati ni la mtu mmoja. Nililipa kodi ya pango la ardhi niliyokuwa nadaiwa. Kikabaki kitu ambacho mimi nilikiona ni kupitisha karatasi tu: upekuzi, yaani wakili wa benki kwenda kwa Msajili wa Hati kuangalia daftari linasema nini kuhusu kiwanja changu.

Nakala aliyoniwekea mezani ilikuwa ukurasa mmoja. Juu namba ya hati, chini yake namba ya kiwanja na kitalu, muda wa miaka 99, halafu jina langu na mwaka 2013 nilipomilikishwa. Ikafuata rehani ya 2015, ile niliyoijua. Na chini kabisa, mstari ambao sikuujua: zuio, Novemba 2018, limewekwa na fulani binti wa fulani. Nililisoma jina la kwanza. Nikasoma la pili na la tatu, na hayo mawili ni majina yangu mimi pia. Alikuwa dada yetu wa Ukerewe, mtoto wa kwanza wa baba, aliyezaliwa kabla baba hajamuoa mama.

Pale ofisi ya Ardhi, zuio la namna hii wengi huliita kaveati. Msingi wake ni Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334, kifungu cha 78. Mtu anayedai kuwa na maslahi kwenye ardhi iliyosajiliwa hujaza fomu, akala kiapo, akalipa ada, na Msajili huliandika dai lake daftarini. Kuanzia hapo mwenye hati anaweza kukaa ndani ya nyumba yake, kupika, kulala na kupanda maua, lakini hawezi kusajili muamala unaogongana na dai hilo mpaka zuio liondoke, kwa mfano aliyeliweka akiliondoa mwenyewe au Mahakama Kuu ikiamua. Kwa benki maana yake ni fupi: rehani mpya haisajiliki, na bila rehani kusajiliwa hakuna senti inayotoka. (Wanawake wenzangu, shikeni na hili: Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inampa mwenza haki ya kuweka zuio kwenye nyumba ya ndoa hata kama jina lake halimo kwenye hati. Nimewaona wengi sokoni wanalia nyumba imekwisha kuuzwa, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba mlango huo upo.)

Swali langu la kwanza kwa wakili lilikuwa: inawezekanaje zuio likae miaka mitano mimi sijui? Sheria inamtaka Msajili amjulishe mwenye hati. Akanionyesha kwamba taarifa ilitumwa. Ilikwenda kwenye anwani iliyomo daftarini, na anwani hiyo ilikuwa sanduku la posta la kiwanda alichofanyia kazi baba, kiwanda kilichofungwa siku nyingi. Wakati wa uhamisho wa 2013 fomu zilijazwa na kaka, na kaka alinakili S.L.P. kutoka kwenye hati ya marehemu. Mimi nilitia sahihi pale kidole cha karani kilipoelekeza. Barua inayonihusu kuliko zote ilitumwa kwa kiwanda kisichokuwa na mtu wa kuipokea.

Wakili wangu mwenyewe, niliyemwona kesho yake, aliniwekea njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kwenda Mahakama Kuu, dada aitwe aeleze kwa nini zuio lake lisiondolewe. Aliamini nina nafasi nzuri: nimesajiliwa, nilinunua kutoka kwa msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, nina risiti. Lakini barua ya benki ya kukubali mkopo ilikuwa na siku 60, na hakuna wakili mkweli atakayekuahidi shauri liishe ndani ya siku 60. Njia ya pili ilikuwa dada mwenyewe atie sahihi ya kuliondoa. "Ana dai gani?" akaniuliza. Nikajibu kwamba hana dai, sote tulilipwa. "Nani alimlipa?" Hapo nikakwama.

Baba alifariki 2010. Kikao cha ukoo kilikaa, muhtasari ukaandikwa, na warithi tukatajwa watano, dada wa Ukerewe akiwa wa kwanza kwa umri. Kulikuwa na mzee mmoja aliyetaka jina lake lirukwe kwa sababu mama yake hakuolewa. Shangazi yetu alisimama akasema kaka yake alimbeba mtoto yule mgongoni mbele ya watu, kwa hiyo jina lake litaandikwa, na likaandikwa. Kaka mkubwa akateuliwa msimamizi na Mahakama ya Mwanzo. Mwaka 2012 tulikubaliana nyumba ibaki kwenye familia, niinunue mimi kwa milioni 45, kila mrithi apate 9. Fungu langu lilikuwa langu, kwa hiyo nilimkabidhi kaka milioni 36 kwa awamu tatu ili awape wanne waliobaki, yeye akiwemo. Daftari la hati likamtambua kwanza yeye kama msimamizi, kisha akanihamishia mimi. Nikaamini yamekwisha.

Kabla ya kumpigia kaka nilikwenda mahakamani kuomba kusoma jalada la mirathi. Naomba kila mwenye nyumba iliyotoka kwenye mirathi afanye hivyo hata leo. Msimamizi katika Mahakama ya Mwanzo anatakiwa, ndani ya miezi minne ya kuteuliwa, kuwasilisha orodha ya mali na madeni ya marehemu kwenye Fomu Namba V, na baadaye hesabu za alichokusanya na alichogawa kwenye Fomu Namba VI. Karani alinifungulia jalada, kamba yake imelegea, pembe za karatasi zimekunjamana. Fomu Namba V ilikuwemo, kwa mwandiko wa kaka, nyumba imetajwa hadi idadi ya mabati. Nikageuza kurasa mpaka mwisho. Fomu Namba VI haikuwemo. Hapakuwa na karatasi hata moja inayoonyesha dada amepokea kitu.

Nilimpigia kaka jioni ile. Hakukana. Alisema alikuwa anamuuguza mkewe, pesa ya dada ilikuwa mkononi mwake, ikatoka kidogo kidogo, akidhani atairudisha. Miaka 11! Sikuwa na la kumjibu. Nilikata simu nikakaa gizani na ile nakala ya upekuzi mapajani.

Mume wangu alitaka twende mahakamani. Kwake hesabu ilikuwa rahisi: sisi tulilipa, aliyekula ni kaka, dada amdai kaka. Kisheria huenda alikuwa sahihi, na wakili alisema hivyohivyo. Lakini tayari nilishaona kwamba zuio lile lilisema kweli. Dada alidai ana fungu kwenye nyumba ya baba yake ambalo hajapewa, na ndivyo ilivyokuwa. Ningeweza kumwita mbele ya Jaji akaeleze jambo ambalo mimi nilijua ni la kweli, nikashinda kwa sababu yeye hana wakili mzuri na mimi ninaye. Sikutaka kushinda namna ile, sitaki hata sasa.

Jumamosi iliyofuata nilipanda meli ya Nansio, bandari ya Ukerewe. Safari ni ya saa tatu hivi. Mwanza inabaki nyuma na nyumba zake zilizopandana juu ya mawe, kisha ni maji tu, na watu wamelalia magunia yao. Sikumpigia simu kabla. Niliogopa akisikia sauti yangu atakata. Pikipiki ilinishusha kwenye kijinjia chenye migomba, nikaona muhogo umeanikwa juu ya jiwe pana, na mtu ameinama anaugeuza.

"Shikamoo dada."

Alinyanyuka polepole, akajifuta mikono kwenye khanga. "Marahaba. Umekuja na wakili?"

"Nimekuja peke yangu."

"Basi karibu ndani. Jua kali."

Alinipikia ugali wa muhogo na sato, na hatukuzungumza neno la nyumba mpaka tumenawa. Kisha akaingia chumbani, akatoka na bahasha ya kaki iliyolainika kwa kushikwa. Ndani mlikuwa na nakala ya fomu ya zuio, kiapo chake chenye muhuri wa Kamishna wa Viapo, na risiti ya ada. Akavipanga mezani kwa mstari, kama anayenionyesha picha za watoto.

Akaniambia ilivyokuwa. Kwa miaka alimwuliza kaka, na kaka alimjibu, "Mwenye nyumba ni mdogo wako, mwulize yeye." Akaona aibu kuniuliza, kwa sababu tangu utotoni alikuja Kitangiri kama mgeni. Halafu tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kikapinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Walikufa watu zaidi ya 220. Kwenye mtaa wake walizika kwa siku nyingi, na nyumba zilizopoteza baba au mama zilianza kugombania mali kabla ya matanga kuanuliwa. Akajiuliza: mimi nikifa kesho, wanangu watashika karatasi gani kuonyesha kwamba babu yao aliwaachia kitu? Akauza mbuzi wawili, akavuka kwenda Mwanza, akalala kwa rafiki, asubuhi akaenda Ardhi.

"Nikajua watakuandikia," akasema. "Nikasubiri jibu lako. Mwezi. Mwaka. Nikasema basi, mdogo wangu ameona jina langu na ameamua kunyamaza."

Nilimweleza habari ya sanduku la posta la kiwanda. Alinitazama muda mrefu. Sijui kama aliniamini siku ile. Nilimweleza pia ukweli wote: kwamba nahitaji zuio litoke ili mkopo uhamie benki nyingine, kwamba nina siku 41 zilizobaki, na kwamba nataka fungu lake alipwe, na alipwe na mimi. Akauliza kiasi. Nikasema milioni 9. Akatikisa kichwa: "Milioni 9 ya mwaka 2012 ningepata mtumbwi na injini yake. Ya leo nitapata nini?" Alikuwa na haki. Tulikubaliana milioni 14, na nilimwomba atafute wakili wake, asitumie wangu, nauli na ada yake nikalipa mimi.

Sasa likaja fundo lenyewe, ambalo kwa maoni yangu ndilo huwavunja watu kuliko sheria. Pesa ya kumlipa dada ilikuwa ndani ya mkopo mpya. Mkopo mpya hautoki mpaka zuio liondoke. Na zuio likiondoka kabla hajalipwa, dada habaki na kitu cha kushika. Alilisema wazi: "Nikishatia sahihi, nitakushika wapi?" Kaka alishamwachia jeraha la namna hiyo, na mimi sikuwa na sababu ya kumtaka aniamini kwa mdomo.

Wakili wake ndiye aliyelifungua. Dada alitia sahihi fomu ya kuondoa zuio mbele yake, na fomu ikabaki kwenye kabati la wakili huyo, siyo kwa wangu wala kwa benki. Mimi niliandikia benki mpya maelekezo ambayo siwezi kuyatengua: mkopo ukitoka, milioni 38 ziende benki ya zamani, milioni 14 ziende moja kwa moja kwenye akaunti ya dada siku hiyohiyo, kinachobaki ndicho kije kwangu. Benki ikampa wakili wa dada barua ya ahadi kwa maandishi. Benki ya zamani nayo ikaahidi kuachia hati na kufuta rehani yake ikishapokea pesa. Baada ya barua zote kusainiwa ndipo fomu ikatoka kabatini, na nyaraka zikapelekwa kwa Msajili zimefuatana: kuondoa zuio, kufuta rehani ya zamani, kusajili mpya.

Nikiandika hivi inaonekana kama kazi ya wiki moja. Benki mpya ilikataa mwanzoni. Walisema wao humlipa mkopaji na benki anayohama, siyo ndugu wa mkopaji. Barua ilirudi mara mbili kwa sababu ya neno moja. Siku za ofa ziliisha, tukaomba ziongezwe, wakatuongezea 30. Niliacha duka mikononi mwa msaidizi siku nyingi kuliko nilivyopaswa. Zaidi ya mara moja, usiku, niliifikiria ile njia ya mahakamani. Wakili wa benki, yule aliyenipigia simu nikiwa na fundi, ndiye aliyewashawishi wakubwa wake. Aliwaambia kwamba mkopo ambao ndugu wote wameuridhia ni salama kuliko mkopo wenye shauri. Namshukuru mpaka leo.

Pesa zilitoka Alhamisi. Saa nane mchana dada alinitumia ujumbe wa maneno mawili: "Zimeingia. Asante." Ukuta haukufika nilikotaka. Kwa kilichobaki baada ya ada ya chuo tulijenga nusu, ile inayolinda jiko, na mzigo wa vitambaa ukasubiri mwaka mwingine. Fomu Namba VI mpaka ninapoandika haijawasilishwa, na hilo nimeanza kulifuatilia na kaka, kwa taratibu lakini bila kulegeza.

Mimi mwenyewe nilirudi Ardhi kwa jambo ambalo lingeniokoa miaka mitano: kubadilisha anwani. Nikaandika sanduku langu, nikahakikisha limeingizwa nikiwa nimesimama palepale. Nikaomba upekuzi mpya kwa gharama yangu, na sasa nafanya hivyo kila mwaka, kama ninavyolipa kodi ya ardhi. Ukurasa ulitoka msafi: jina langu, rehani mpya, basi.

Desemba dada alikuja Kitangiri na wajukuu wawili. Alizunguka nyumba, akagusa mawe ya ukuta, akakaa kwenye lile jiwe kubwa ambalo baba alikuwa akikalia jioni. Nilimletea chai na ule upekuzi mpya, nikidhani atafurahi kuona kwamba mambo yamekamilika. Aliusoma wote, akanirudishia.

"Ule wa kwanza bado unao?"

"Ninao."

"Nitolee nakala. Ule wenye jina langu na la baba pamoja."

Nilishuka mpaka dukani kwa jirani anayetoa nakala, nikatoa mbili. Moja aliitia kwenye ile bahasha ya kaki. Ya pili aliikunja mara nne, akampa mjukuu mkubwa aishike mpaka watakapofika nyumbani.